Paa Ambalo Halikuungua

Mji wetu wa Nádasfő uliungua kwa utaratibu. Hakuna anayeweza kutulaumu kwa fujo. Kila baada ya miaka minne au mitano, mwisho wa kiangazi, upepo wa kusini ulipokausha matete juu ya mapaa mpaka yakawa yanalia kama karatasi, mtaa mmoja uliondoka duniani na mitaa mingine ikabaki kusubiri zamu. Walioungua walipewa mkate na mablanketi. Wasioungua walipata cha kusimulia. Kisha tuliezeka upya, kwa matete yaleyale kutoka kinamasi kilekile, kwa sababu baba zetu waliezeka hivyo, na baba zetu walikuwa watu wa busara nyingi, kama inavyosomeka kwenye mawe ya makaburi yao.

Katika mji huo alizaliwa Bodolai Vendel, mfua shaba mtoto wa mfua shaba, mtu mfupi mwenye mikono mirefu kupita kimo chake. Alipokufa, uzeeni, gazeti la jimbo lilimwita baba wa zimamoto wetu, likakosea jina la mtaa alikozaliwa na idadi ya watoto wake. Lakini siku hizo alikuwa ameshazoea kuandikwa vibaya. Haya ninayoyasimulia ni ya miaka ya sabini ya karne ya kumi na tisa, wakati bado hakuna gazeti lililomjali, na sisi tuliomjua tulimwona kama mtu aliyepatwa na ugonjwa mdogo wa akili huko ugenini.

Alikwenda ugenini akiwa na miaka kumi na tisa, kama mafundi vijana wote walivyokwenda, mguu kwa mguu, karakana hadi karakana, mpaka nchi za Wajerumani. Wenzake walirudi na mke, au na kikohozi, au na wimbo mpya. Vendel alirudi na wazo, mzigo ambao hakuna forodha inayoutoza na hakuna nyumba inayoupokea. Katika mji mmoja wa huko alikuwa ameona kundi la wanaume wenye masharubu, asubuhi wakifanya mazoezi ya viungo, jioni wakipanda majumba kwa ngazi na kuyamwagia maji kwa pampu. Pampu haikumshangaza. Pampu ni shaba na ngozi, angeweza kuitengeneza mwenyewe. Kilichomshangaza ni kwamba mtu mmoja alisema "simama", na watu thelathini wakasimama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanza yeye ni mtoto wa nani.

Alikuta mama yake hayupo. Mtaa wa Juu ulikuwa umeondoka kiangazi cha mwaka uliotangulia, na nyumba yao ikaondoka nao. Mama hakuungua. Alihamia chumba cha nyuma kwa binamu, chumba kisicho na jiko la kuota moto, akafa Januari kwa baridi. Kwa hiyo karani wa mji hakumwandika miongoni mwa wafu wa moto ule, ambao kwa mujibu wa daftari hawakuwepo. Moto usio na wafu, karani aliandika, kwa mwandiko mzuri.

Vendel alifungua karakana ya baba yake, akafua masufuria makubwa ya kupikia jamu ya plamu na mitambo ya kuchemshia pálinka, pombe kali ya matunda, na kwa kazi hiyo mji ulimpenda sana. Baada ya saa za kazi alifua kitu kingine. Majira mawili ya baridi yalipita. Siku ya Mtakatifu Florian, msimamizi wa wazima moto, alikisukuma nje: pampu ya magurudumu manne, ya shaba tupu, iking'aa kama kiti cha askofu. Watu walikuja kuitazama, wakasifu kazi ya mikono, wakauliza inachemsha lita ngapi.

Alipata watu tisa. Mwokaji mikate aitwaye Lőrinc, mnene na mwaminifu. Mwalimu wa shule. Wafumaji wawili ndugu. Na wengine watano ambao wake zao walifurahi kuwaona wakitoka nyumbani. Kila Jumapili baada ya misa aliwapandisha ngazi kwenye ukuta wa karakana, akawafundisha kutupa kulabu, kuvuta kamba, kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu zaidi. Waungwana wetu walileta viti.

"Kamanda!" aliita Kozma, mwenye magari ya farasi, mdomo umejaa mbegu za maboga. "Leo mmezima nini? Mshumaa au kiko?"

"Leo tunajifunza, Kozma."

"Mjifunze kuruka, basi. Lőrinc akianguka, ukuta utahitaji daktari."

Lakini watu tisa, pampu na ngazi si chama. Chama ni karatasi. Sheria ilitaka katiba, katiba ipelekwe wizarani kupitia kwa mkuu wa mji, wizara igonge muhuri, na hapo ndipo kamanda awe kamanda. Bila muhuri, Vendel alikuwa mfua shaba anayepiga kelele karibu na moto, na mtu yeyote aliruhusiwa kumwambia anyamaze. Hicho ndicho alichokitaka maishani, muhuri ule. Wengine wanataka ardhi. Mke wake Apollónia aliinakili katiba mara tatu, vifungu thelathini na kimoja, bila doa.

"Nilidhani nimeolewa na mfua shaba," alisema akipuliza wino ukauke. "Kumbe nimeolewa na wizara."

Mkuu wa mji, Tarcsai Zsigmond, alikuwa katika muhula wake wa nne. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya hufanya mambo. Yeye aliipokea katiba kwa mikono miwili, akaisifu karatasi, akaiweka kwenye droo aliyowekea tumbaku, na huko ikakaa ikinukia vizuri kwa mwaka mmoja na nusu. Vendel alikwenda kuiulizia kila mwezi.

"Karatasi gani, fundi?"

"Katiba ya chama, Bwana Mkuu."

"Aa, ile! Naisoma."

"Unaisoma tangu Pasaka ya mwaka jana."

"Ni ndefu, mwanangu. Vifungu thelathini na kimoja! Amri za Mungu ni kumi tu na bado watu wanalalamika." Akaitoa, akakung'uta tumbaku. "Hebu tazama hiki cha kumi na mbili. 'Kamanda akiona haja, ataamuru paa lolote libomolewe bila kusubiri idhini ya mwenye nyumba.' Paa lolote?"

"Lolote."

"Hata langu?"

"Moto hauulizi, Bwana Mkuu."

"Moto hauulizi kwa sababu hauna adabu. Wewe lakini una mama aliyeku—" Akakumbuka, akakohoa. "Na hiki cha kumi na saba. Mnataka kufuta pipa la mvinyo? Fundi, hapo umepotea kabisa."

Pipa la mvinyo lilikuwa fahari yetu. Tangu enzi za babu zetu, gari la kwanza kufikisha pipa la maji kwenye moto lilizawadiwa pipa la mvinyo kutoka ghala la mji kule kilimani, na mkuu wa mji mwenyewe alilitoa kwa mkono wake, palepale, na kumnywea mshindi heri. Desturi ilisema palepale, kwa hiyo palepale. Haikusema pipa la maji liwe limejaa. Wenye magari wetu si wajinga. Pipa lililojaa ni zito, na farasi wa pipa zito hufika wa pili. Wa pili hapati kitu. Kozma alikuwa ameshinda mara nne. Kiangazi chote pipa lake lilikaa juu ya gari, na maji ndani yake yangetosha kuosha miguu. Na kwa kuwa zawadi ilikuwa moja, gari la pili lilipoona la kwanza limefika, liligeuza. Watu walisafiri kutoka miji jirani kuja kuona mbio hizo. Moto nao ulikuwepo, pembeni.

"Wazee walijua walichofanya," alisema Tarcsai, na kuirudisha katiba kwenye tumbaku. "Acha niisome vizuri."

Ikafika Septemba, mwezi wa plamu. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, na karibu kila ua lilikuwa na sufuria la shaba juu ya moto wa kuni, na mwanamke akikoroga jamu kwa mwiko mrefu kama kasia, maana jamu ya plamu ukiiacha kidogo tu inashika chini. Masufuria yote yalikuwa ya Vendel, jambo ambalo watu walikumbushana sana baadaye. Mvua haikuwa imenyesha tangu Julai. Visima vya uani vilitoa tope. Mjane Terka, wa kona ya Mtaa wa Chini, aliacha mwiko kwenda kumtoa bata mzinga kwenye kabichi zake. Alipogeuka, cheche ilikuwa imeshapanda kwenye paa la banda.

Kengele ya kanisa ikalia. Vendel na watu wake wakafika na pampu haraka sana, Lőrinc bado na unga mpaka kwenye viwiko. Bomba la ngozi likanyooshwa, mikono minane ikashika vyuma. Kilichokosekana kilikuwa maji.

Magari yakaja. Yalikuja kwa kasi nzuri kuliko mwaka wowote, hilo lazima nikiri. Kozma alikata kona ya kanisa kwa magurudumu mawili, amesimama, kofia imeruka, huku maji yakimwagika barabarani nyuma yake kama njia ya konokono. Akawavuta farasi mbele ya pampu.

"Wa kwanza!" akapiga kelele. "Mashahidi! Karani, andika!"

Vendel akapanda gurudumuni akachungulia pipani.

"Kozma, maji yako wapi?"

"Yako njiani. Lakini pipa liko hapa."

Karani akaandika saa. Tarcsai, aliyekuwa amekwisha kufika na koti lake la Jumapili, akampa Kozma mkono, na wote wawili, pamoja na karani na mashahidi wanne, wakaondoka kwenda ghalani kilimani, kwa sababu desturi ni palepale. Magari mengine matatu yalikuwa yanaingia mtaani. Yakawaona wanaondoka. Yakasimama.

"Wewe! Unageuza kwenda wapi?" Vendel alimwita wa mbele.

"Nimeshachelewa, fundi."

"Umechelewa nini? Moto si huu hapa!"

"Moto upo. Mvinyo ndio haupo."

Akageuza.

Pampu ilivuta maji ya Kozma, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kilikuwa kimya cha aibu, kama cha mgeni aliyekuja karamuni na zawadi ya jana. Nyumba ya Terka ilikuwa imeshakuwa mwanga mtupu. Terka mwenyewe alikaa chini barabarani akimkumbatia bata mzinga, akimlaumu kwa sauti ya chini, bila ukali. Upande wa pili wa ua wake, banda la jirani lilianza kutoa moshi mweupe. Baada ya banda hilo ilikuja nyumba ya Tarcsai. Na baada ya nyumba ya Tarcsai, bega kwa bega mpaka kwenye kinamasi, nyumba arobaini na mbili, zote matete.

Paa la Tarcsai lilikuwa paa nene kuliko yote mjini. Aliezekewa na mafundi aliowaleta kutoka kule ziwani miaka miwili nyuma, unene wa mkono mzima. Vigae, alisema, ni vya watu wasiojua walikotoka. Vendel akalitazama, akatazama upepo, akatazama bomba tupu mikononi mwake.

"Kulabu," akasema. "Paa la Mkuu."

Hakuna aliyesogea. Kwa mara ya kwanza walikuwa wamejua kunyamaza.

"Vendel," alisema Lőrinc, "huna muhuri."

"Sina."

"Watatufunga."

"Jela nayo imeezekwa matete, Lőrinc. Shika kamba."

Nitasema kweli, sikuwahi kuona kazi nzuri kama ile. Watu tisa tuliowacheka Jumapili sabini walipandisha ngazi tatu kwa pamoja, kulabu zikauma kwenye mgongo wa paa, kamba zikakaza, na Vendel alisema neno moja moja tu: vuta, legeza, vuta. Mke wa Mkuu, mama wa heshima zake, aliwarushia mito kupitia dirishani, kisha viazi. Matete yalishuka kwa mafungu, yakaburutwa mbali mpaka ng'ambo ya barabara. Wakang'oa na maboriti. Ilipobaki kuta nyeupe tu na dohani limesimama katikati, uchi, moto ukafika.

Ukafika ukutani, ukainua kichwa. Mtu akiwa karibu na moto mkubwa kwa muda mrefu huanza kuamini una macho. Ulitafuta pa kukanyaga, haukupaona. Na dakika hiyohiyo, sijui kabla kidogo au baada kidogo, na nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile, upepo ukatulia. Moto ukaketi kwenye banda la jirani, ukala ulichokuwa nacho, na kufikia saa tisa ulikuwa jivu lenye joto na harufu ya jamu iliyoungua.

Tarcsai alirudi kutoka kilimani na Kozma, mashavu mekundu, wakijadili kama mvinyo wa mwaka ule unazidi wa mwaka juzi. Akasimama mbele ya nyumba yake.

"Paa langu liko wapi?"

"Barabarani, Bwana Mkuu," alisema Vendel, mweusi wa moshi mpaka menoni.

"Liliungua?"

"Halikuungua."

"Basi kwa nini liko barabarani?"

"Ili lisiungue."

"Kitu kilichoko barabarani hakina haja ya kuungua, mpumbavu wewe, kimeshakuwa takataka! Nyumba yangu imesalimika na moto, haikusalimika na wewe!"

"Mpeni medali kamanda," alisema Kozma, akiegemea gari lake. "Ameshinda vita dhidi ya nyumba."

Mji mzima ulicheka, na kicheko kile kilituponya kidogo, kwa sababu tulikuwa tumeogopa sana. Jumapili padre alihubiri juu ya upepo uliotulia kwa rehema. Terka alichangiwa mkate, mablanketi na mwiko mpya. Tarcsai alichangiwa huruma, ambayo aliipokea akiwa chini ya turubai. Nyumba arobaini na mbili zilizosalia hazikusema kitu. Nyumba iliyookolewa haina alama yoyote mwilini. Inafanana kabisa na nyumba ambayo haikuwahi kuwa hatarini. Vendel alipita Mtaa wa Chini asubuhi zile, polepole, akitazama nguo zilizoanikwa, mabata, vitunguu vilivyoning'inizwa chini ya mapaa. Alionekana kama mtu anayehesabu kitu. Watu walifunga madirisha. Aliyebomoa paa moja, walisema, anachagua la pili.

Tarcsai akamwita wakili kutoka makao ya jimbo, kijana mwembamba aitwaye Pongrác, na kikao kikafanyika jikoni, chini ya turubai, mvua ya kwanza ya vuli ikidondokea kwenye ndoo tatu. Karani alikuwepo, ndiyo maana mji mzima unajua kilichosemwa.

"Namtaka alale jela," alisema Tarcsai, "na hicho chama chake kife."

"Bwana Mkuu, unataka alale jela au unataka paa?"

"Vyote."

"Akiwa jela, nani ataezeka? Akiwa nje, peke yake, ataezeka kwa majira matatu ya kiangazi. Theluji inakuja Novemba. Lakini chama kina watu kumi pamoja naye, na ngazi, na kamba. Tukikishtaki chama, utalala pakavu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, katikati ya Novemba."

"Basi kishtaki chama!"

"Hakipo."

"Hakipo vipi? Kimenivunjia nyumba!"

"Kisheria hakipo. Hakina muhuri. Siwezi kushtaki kitu ambacho hakijazaliwa. Katiba yao iko wapi?"

Mkuu wa mji aliinuka, akaenda kwenye droo, akarudi na katiba ikiwa imejaa tumbaku.

"Wizara haitaigonga kama hujaipendekeza," alisema wakili. "Pendekeza kwa nguvu. Na mwombe waziri kwamba chama kihesabiwe kilikuwepo tangu siku ulipopokea karatasi hii, ili kosa la Septemba liwe la chama. Andika kwamba mji hauwezi kuishi bila chama hiki."

"Sijaisoma yote."

"Hukuwa unaisoma tangu Pasaka?" aliuliza karani.

Akaandika. Barua ile ipo hadi leo, na ni barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika: umuhimu wa ujasiri wa wananchi, uongozi usio na kifani wa fundi Bodolai, matumaini ya watu wote wa Nádasfő. Alilia kidogo wakati wa kuipiga lakiri, kwa hasira, lakini chozi ni chozi. Wizara ilijibu baada ya siku kumi na tisa. Muhuri mwekundu, ukubwa wa biskuti. Na kesho yake, kabla Vendel hajamaliza kuutazama, ikaja hati ya mashtaka.

"Zimekuja mbili," alisema Apollónia, akiweka zote mezani kando ya mkate na mafuta ya nguruwe. "Moja inasema wewe ni kamanda. Nyingine inasema wewe ni mhalifu. Nianze kukuita lipi?"

"Soma tena ile ya kwanza."

"Nimeisoma mara tano, Vendel. Kula."

Mahakamani tulijaza benchi zote. Hatukuwa na mbio za magari mwezi ule. Jaji alikuwa mzee mwenye usingizi na akili.

"Moto ulifika kwenye paa la mlalamikaji?"

"Haukufika, Mheshimiwa."

"Basi kwa nini mlilibomoa?"

"Ndiyo sababu haukufika."

Watu wakacheka. Jaji akangoja.

"Unaweza kuthibitisha kwamba ungefika?"

Vendel akasimama, mikono yake mirefu ikining'inia. Nadhani ndipo alipoelewa ukubwa wa kazi aliyoichagua. Mwokaji huonyesha mkate. Mfua shaba huonyesha sufuria. Yeye angetumia maisha yake kuonyesha mahali ambapo hakuna kilichotokea.

"Siwezi, Mheshimiwa. Ningeweza kuthibitisha kwa kuacha paa."

Hukumu ilisomwa kabla ya chakula cha mchana. Wizara, kwa ombi la Mkuu mwenyewe, imekihesabu chama kuwa kilikuwepo siku ya moto. Kwa hiyo chama kitawajibika. Mamlaka ya kubomoa, hata hivyo, yameanza tarehe ya muhuri, sita Oktoba. Siku ya moto hakuna aliyekuwa nayo. Chama kitamrejeshea mlalamikaji paa la matete, unene uleule, kabla ya theluji. Kuanzia sita Oktoba vifungu vyote thelathini na kimoja vina nguvu ya sheria katika mji wa Nádasfő, na yeyote atakayevipinga mbele ya moto ataadhibiwa.

"Naomba Mheshimiwa arudie hapo mwisho," alisema Vendel.

"Umeshindwa, fundi. Umesikia?"

"Nimesikia. Naomba kurudiwa hapo mwisho tu."

Jaji akarudia, taratibu, na nadhani midomo yake ilitikisika kidogo. Kozma, benchi la nyuma, alikuwa anahesabu kwa vidole. Alipofika kumi na saba alisimama. "Pipa langu!" akasema kwa sauti, akatolewa nje.

Wiki ya kwanza ya Novemba walipanda. Watu wote kumi walifika, bila kukosa hata mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea Jumapili yoyote ya mazoezi. Kinamasi kilikuwa kimeanza kuganda pembeni, na matete mapya yalikatwa asubuhi yakiwa na barafu shingoni. Tulileta viti, kisha tukavirudisha, kwa sababu baridi ilikuwa kali na hakuna aliyeanguka. Vendel aliketi juu kabisa, kwenye mgongo wa paa, akifunga mafungu kwa uangalifu uleule aliowahi kutumia kwenye pampu. Kutoka pale aliuona mtaa wote wa chini, nyumba arobaini na mbili, kila moja na moshi wake mwembamba ukitoka mahali pake.

Tarcsai alisimama barabarani na fimbo ya kupimia.

"Unene, fundi! Mkono mzima! Nitapima!"

"Pima, Bwana Mkuu."

Akapima. Ilikuwa sawasawa, na hilo lilimuudhi. Akazunguka nyumba mara mbili, akarudi chini ya ngazi.

"Hebu niambie kitu. Hicho kifungu chako cha kumi na mbili. Kina nguvu sasa?"

"Tangu tarehe sita Oktoba."

"Hata kwa paa hili? Hili mnaloniwekea?"

"Lolote, Bwana Mkuu. Ulikipendekeza mwenyewe kwa barua."

"Kwa hiyo leo unaniezekea, na kesho sheria inakuruhusu kulishusha."

"Kukiwa na moto."

"Na nani anaamua kama kuna moto wa kutosha?"

"Kifungu cha kumi na tatu. Mimi."

Mkuu wa mji alivua kofia, akaivaa. Alilitazama paa lake jipya, la dhahabu, nene, lisilo na kasoro, kama mtu anavyomtazama farasi aliyemlipia kisha akaambiwa farasi huyo ana mmiliki wa pili.

"Ungekuja kuniuliza kwanza," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kwa adabu tu."

"Ukiwa karibu, Bwana Mkuu, si kule kilimani, nitakuuliza," alisema Vendel. Kisha akanyoosha mkono chini, bila kuangalia, na Lőrinc akampa fungu jingine.